Kuchora mkebe wa bia Nairobi: anza na mgongo

Kiwanda kidogo cha bia hakina pesa za kukodi bango Uhuru Highway wala za kulipia redio saa za jam. Tangazo lake ni mkebe wenyewe: kwenye friji ya baa, mezani, kwenye simu ya mtu aliyeupiga picha kabla ya kuufungua. Hapo ndipo mchoraji anapopata kazi, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Mchoraji anachora picha safi ya mraba, mteja anaipenda, halafu mchapaji anauliza onyo la afya litakaa wapi. Na msimbopau. Na stempu ya KRA, mamlaka ya ushuru. Picha inaanza kukatwa mabawa.

Mwongozo huu unakwenda kinyume. Tunaanza na mgongo wa mkebe, yaani vitu ambavyo huwezi kuvifuta hata ukimlilia nani, ndipo tuje kwenye uso. Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: staut ya kahawa, yaani bia nyeusi, mkebe wa mililita 500, ya kuuzwa kwenye baa za Nairobi na supamaketi chache.

1. Pima mkebe

Kabla ya kalamu kugusa chochote, jua mkebe ni wa ukubwa gani na picha itafikaje juu yake.

Mkebe wa kawaida wa mililita 500 una kipenyo cha milimita 66 na urefu wa 168 hivi. Wa 330 huja kwa maumbo mawili: mfupi mnene, kipenyo kile kile cha 66 na urefu wa 115, na mwembamba wenye kipenyo cha 58 hivi na urefu wa 146. Zidisha kipenyo kwa 3.14 upate mzunguko, yaani milimita 207 kwa mnene na 182 kwa mwembamba. Kwa mfano wetu, 207 ndio upana wa karatasi yako.

Lakini anayesimama mbele ya friji haoni 207. Anaona nusu, na hata hiyo nusu inajikunja pembeni mpaka herufi hazisomeki. Kinachosomeka bila kuuzungusha mkebe ni kama theluthi, milimita 69 hivi. Kadi yako ya ATM ina upana wa milimita 85.6. Uso wa bia ni mwembamba kuliko hiyo kadi, na humo ndimo jina na picha kuu vitaishi.

Njia za kufikisha picha kwenye mkebe ni tatu. Ya kwanza ni kuchapa moja kwa moja kwenye alumini, mkebe ukiwa bado unatengenezwa. Inapendeza, lakini oda zake si za mtu mdogo: mwaka wa 2022 Ball, kampuni kubwa ya mikebe ya Marekani, iliwapandishia wateja wasio na mkataba kiwango cha chini kutoka mikebe 204,000 hadi 1,020,000 kwa kila mchoro. Kiwanda kidogo kitamaliza lini mikebe milioni ya staut? Njia ya pili ni plastiki inayovalishwa mkebe na kubanwa kwa joto. Hiyo inafunika mpaka shingoni, ila pale shingo inapopungua picha nayo inabanwa, na duara ulilolichora juu linageuka yai. Ya tatu ni stika.

Kwa kiwanda kinachoanza jibu huwa ni stika karibu kila mara, kwa hiyo kuanzia hapa nazungumzia stika. Sisitiza iwe ya plastiki, polipropilini kwa jina lake, si karatasi. Karatasi ikikaa ndani ya ndoo ya barafu inavimba, kona zinainuka, na mnywaji anaichubua kwa ukucha huku akipiga stori. Urefu wa stika uishie pale ukuta wa mkebe ulipo wima. Kwenye 500 hesabu milimita 130 hivi, kisha omba kiolezo halisi kutoka kwa atakayebandika, maana mashine yake ndiyo yenye neno la mwisho.

2. Orodhesha visivyohamishika

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile wengi bado wanaiita sheria ya Mututho kwa sababu ya aliyekuwa mbunge wa Naivasha, inataka kila mkebe ueleze kilichomo na ubebe angalau maonyo mawili ya afya kutoka kwenye orodha iliyo ndani ya sheria yenyewe. Lugha ni Kiingereza au Kiswahili. Orodha ina maonyo kuhusu ini, kuhusu kuendesha gari, na lile la kutowauzia walio chini ya miaka 18. Usiyatafsiri mwenyewe wala usiyafupishe ili yatoshee. Mwambie mpika bia akutumie maneno kamili, ukubwa na nafasi inayotakiwa kwa maandishi, baada ya kuyathibitisha na wanaompa leseni. Barua pepe, si simu. Siku mzigo ukirudishwa, barua pepe hiyo itajibu ni nani aliyesema nini.

Kisha kuna kiwango cha KS EAS 38 cha lebo za vyakula na vinywaji vilivyofungashwa, ambacho KEBS, shirika la viwango la Kenya, hukitumia: jina la bidhaa, viambato, ujazo, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi ilikotoka, namba ya toleo, tarehe, namna ya kuhifadhi. Ongeza asilimia ya kileo na alama ya ubora ya KEBS pamoja na namba yake ya kibali. Namba ya toleo na tarehe mara nyingi hupigwa chini ya mkebe na mashine ya wino siku ya kujaza. Uliza. Kama zinapigwa kwenye stika, acha kidirisha kisicho na picha.

Stempu ya ushuru ya KRA nayo ina mahali pake. Usikisie. Nenda kiwandani, shika mkebe uliokwisha kubandikwa, uone stempu inaangukia wapi. Ikiwa inalala juu ya stika, ukichora uso wa mtu hapo utakuwa umemziba macho.

Msimbopau, ile mistari myeusi inayosomwa kaunta ya supamaketi, ndio wachoraji wanaouonea zaidi. Namba zilizotolewa na GS1 Kenya huanza na 616. Ukubwa wake kamili, pamoja na nafasi tupu ya kando, ni milimita 37.29 kwa 25.93, na unaweza kuupunguza mpaka asilimia 80, si zaidi. Kwenye mkebe ulaze ili mistari ipandane kama vidato vya ngazi mkebe ukiwa umesimama. Ukiisimamisha wima, mkunjo wa mkebe unaficha mistari ya pembeni na mashine inakataa. Rangi iwe nyeusi au bluu nzito juu ya kitu cheupe au cheupe-cheupe. Mistari myekundu haisomeki, kwa sababu taa ya mashine nyingi ni nyekundu na kwake nyekundu ni sawa na nyeupe.

Sasa kata karatasi za rangi kwa vipimo halisi: moja ya maonyo, moja ya msimbopau, moja ya viambato na anwani, ndogo ya stempu, ndogo ya alama ya KEBS. Chukua mkebe mtupu wa soda wa ukubwa huo huo, uzibandike kwa selotepu, uzipange na kuzipangua. Ni kazi ya mchana mmoja na inaonekana ya kitoto, lakini ukimaliza unajua hasa picha imebakiwa na uwanja wa umbo gani. Mara nyingi uwanja huo ni uso wote wa mbele na ukanda unaopanda juu ya maandishi kuelekea nyuma. Hilo ndilo umbo la kuchorea.

Ukiwa hapo, ondoa kabisa wazo la bendera ya taifa au nembo ya serikali. Kuna sheria yake, na kutumia vitu hivyo kwenye biashara bila kibali ni kujitafutia kesi.

3. Onja bia, halafu uliza

Wengi hukutana na mteja hotelini Westlands wakakubaliana huku wakinywa kahawa. Mimi nasema nenda kiwandani. Onja. Uliza malighafi imetoka wapi, bia imekaa kwenye tangi muda gani, nani anatarajiwa kuinunua na atainywa wapi. Nairobi mhudumu wa baa huuliza "baridi ama moto?", na jibu linakuhusu: mkebe wa baridi hutoka jasho, na jasho hufunika mistari myembamba.

Baada ya yote hayo mteja atakwambia sentensi ambayo kila mchoraji wa mji huu ameisikia: "Nataka kitu cha Kiafrika, kaka, lakini kiwe cha kisasa." Usiiandike. Muulize ni nini hasa kwenye bia hii ambacho hakipo kwenye nyingine. Kwenye mfano wetu anasema kahawa ni SL28, aina iliyochaguliwa na Scott Laboratories pale Kabete miaka ya 1930, na shamba lenyewe liko Kiambu. Huyo sasa amekupa kitu cha kushika. Kabete na Kiambu ni hapa hapa, na una picha ya shamba, debe la kuchumia, gunia na mnada.

4. Kubalianeni kabla ya mchoro wa kwanza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sheria yetu haifanyi vile wachoraji wengi wanavyodhani. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi ni ya aliyeichora, ila ikiwa imeagizwa na mtu asiye mwajiri wake, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vinginevyo. Soma tena mwisho wa sentensi hiyo. Ukinyamaza, ndege uliyemchora kwa ajili ya stika moja anaweza kuonekana kwenye fulana, glasi na gari la kusambazia bia, na huna la kudai.

Kwa hiyo andika ukurasa mmoja. Unampa mteja ruhusa ya kutumia mchoro kwenye mkebe na matangazo ya bia hii, kwa nchi hizi, kwa miaka kadhaa. Fulana na bidhaa nyingine mtazungumza upya. Michoro asili inabaki kwako. Marekebisho mawili yamo ndani ya bei, ya tatu yanalipiwa. Kama anataka kununua kila kitu, sawa, lakini bei ya kuuza ng'ombe si bei ya kuuza maziwa. Ni nani angekitambua kiwanda cha bia cha Mikkeller cha Denmark bila watu waliochorwa na Keith Shore, au Beavertown cha London bila mafuvu ya Nick Dwyer? Mchoro wa bia ukishika, unakuwa ndio kampuni.

Malipo: nusu kabla ya kuanza, nusu kabla ya kutoa faili za mwisho. Kampuni iliyosajiliwa itataka ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ili iweze kuhesabu malipo yako kama gharama, na ada ikifika shilingi 24,000 tarajia ikate asilimia 5 ya kodi ya zuio. Dai cheti chake. Jina la bia ni juu yake kulitafuta kwenye daftari la alama za biashara la KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama hizo, na afanye hivyo kabla hujachora herufi zake kwa mkono.

5. Tafuta picha ambayo haijachukuliwa

Tembo amechukuliwa. Kenya Breweries ilianza mwaka wa 1922, na mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, aliuawa na tembo akiwa mawindoni. Bia ikaitwa Tusker, na tembo yuko kwenye lebo mpaka leo. Simba amechukuliwa na Pilsner. Mlima wenye theluji ni wa White Cap. Kibarua cha kiwanda kidogo si kushindana na wanyama hao, ni kujifunza kwao: kitu kimoja, umbo moja, kinatambulika kutoka mlangoni hata umeme ukififia.

Jua linalozama nyuma ya mgunga, ngao na mikuki, uso wa mwanamke wenye shanga: hayo yamechoka. Yako kwenye trei, kanga za watalii na ukuta wa kila mgahawa wa uwanja wa ndege. Nairobi yenyewe ina vitu vingi ambavyo havijaguswa. Ina mijakaranda inayomwaga zambarau barabarani kuanzia Septemba, herufi zilizopakwa kwa brashi kwenye vibanda, na graffiti za nganya za Rongai, zile matatu zilizopambwa, ambazo ukizipenda mtafute aliyezichora umlipe badala ya kumwiga. Ina pia marabu, wale korongo wakubwa wenye upara wanaokaa juu ya miti karibu na Nyayo Stadium na kutazama magari kama yanawadai.

Kwa staut ya kahawa mimi namchukua marabu. Tayari ana mgongo mweusi na kifua cheupe, rangi za bia nyeusi na povu lake. Simama chini ya miti ile asubuhi umchore kwa penseli: namna shingo inavyozama mabegani, magoti yanavyopinda kinyumenyume, miguu iliyopakwa kinyesi chake mwenyewe mpaka ikawa myeupe. Picha za intaneti zitakupa ndege wa mbugani. Wewe unataka wa Nairobi, mwenye sura ya dalali. Kwa hiyo mpe kazi: anasimamia mnada wa kahawa, mguu mmoja juu ya gunia, debe la matunda mekundu mkononi, yaani kwenye kucha.

Angalia mstari mmoja tu usiuvuke. Mnyama mwenye kazi za watu huteleza haraka akawa katuni ya watoto. Mwaka wa 2017 huko Uingereza, jopo la Portman Group, linalosimamia maadili ya kutangaza vileo, lilikubali lalamiko dhidi ya mkebe wa Cwtch wa kiwanda cha Tiny Rebel, kwamba rangi zake na dubu aliyechorwa vingewavutia walio chini ya miaka 18, na kiwanda kikalazimika kuuchora upya. Huyu marabu basi awe mzee: macho madogo, ngozi ya shingo imekunjana, rangi chache. Ukimwonyesha mtoto wa jirani akasema anataka kile kinywaji, rudi mezani.

6. Mchoro uzunguke

Chora kiolezo cha 207 kwa 130, ugawe theluthi tatu kwa penseli. Theluthi ya katikati ni uso. Mshono, pale ncha mbili za stika zinapokutana, uwe nyuma kabisa, na usipitishe kitu chochote cha maana juu yake: si herufi, si jicho, si mstari ulionyooka. Mashine ya kubandika huteleza milimita moja au mbili na mstari uliokatika huonekana mara moja. Manyoya, majani au rangi tupu hayalalamiki.

Marabu anasimama kwenye uso, kichwa kikiwa juu karibu na ukingo, jina la bia likiwa kifuani kwake penye weupe. Bawa moja linafunguka kuzunguka mkebe upande wa kushoto mpaka mgongoni, na hapo ndipo zile karatasi za rangi za hatua ya pili zinapolipa. Weusi wa bawa ndio uwanja wa maonyo ya afya, maandishi ya krimu juu ya nyeusi. Hayakubandikwa juu ya picha, yamekaa ndani yake. Lakini yaache yanyooke. Utashawishika kuyapinda yafuate unyoya. Maneno ya sheria yanatakiwa yasomeke, na anayekagua hana habari na unyoya wako.

Gunia liko upande wa kulia, miguuni, la rangi ya mchanga mwepesi, na ndilo linalobeba msimbopau pamoja na anwani, kama vile magunia ya kweli yanavyopigwa chapa. Viambato vinapanda juu yake. Stempu ina kipande cha anga tupu.

Mistari: isiwe myembamba kuliko milimita 0.25 ikiwa ni rangi juu ya weupe, na ikiwa ni weupe ulioachwa ndani ya nyeusi iwe 0.4 au zaidi, kwa sababu wino hutambaa na kuila. Kama unapenda kuchora vivuli kwa mistari mingi, ipunguze mpaka uone aibu, kisha punguza tena. Chora kwa chochote ulicho nacho, wino na karatasi, Procreate au Krita, lakini herufi na maandishi yote yapangwe kwenye programu ya vekta, ambayo maumbo yake hayapotezi ukali ukiyakuza. Inkscape ni ya bure na inatosha. Kumbuka tu kwamba Inkscape yenyewe hufikiri kwa rangi za skrini, kwa hiyo ugeuzaji wa rangi za uchapaji ufanyie kwingine au uketi na mchapaji.

7. Tumia chuma

Hapa ndipo mkebe unaposhinda chupa. Stika inaweza kuchapwa kwenye plastiki nyeupe, inayopitisha mwanga, au ya fedha inayong'aa. Kwenye ile ya fedha, wino wa kawaida hauzibi mwanga na mng'ao unaonekana chini yake; ukitaka rangi iwe nzito lazima kwanza upakwe wino mweupe. Kwa hiyo unachora picha ya pili ambayo mteja hataiona kamwe: ramani ya weupe. Penye weupe rangi inatulia, pasipo weupe bati linang'aa.

Kwa marabu wetu, weupe uwe chini ya kifua, gunia, maonyo na jina. Debe uliache bila weupe, lipake kijivu chepesi tu, na litang'aa kama debe la kweli. Jicho lake pia. Basi, usiongeze kingine. Mng'ao ukiwa kila mahali haupo popote. Na msimbopau usiuweke juu ya fedha tupu hata siku moja, mashine ya kaunta itaona kioo.

Kwenye faili ramani hiyo iwe rangi maalumu peke yake, kwenye tabaka lake, ipewe jina analotumia mchapaji (wengi huiita White), na iwekwe ichapwe bila kutoboa rangi nyingine. Usipofanya hivyo utaulizwa swali ambalo husikika sana kwenye duka la stika River Road, kijana akiwa ameinamia skrini: "Madam, hapa kwa jicho, nyeupe ni wino ama umeacha?" Anayeuliza hivyo ni mchapaji mzuri. Asiyeuliza atakisia.

Maandishi madogo meusi yawe ya wino mweusi peke yake, K asilimia 100. Ukiyajenga kwa rangi nne, sahani za kuchapia zikisogea kidogo kila herufi inapata kivuli chekundu.

8. Peleka baa

Chapa stika kwa ukubwa halisi kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa, 207 inaingia. Izungushie mkebe, kisha fanya mambo haya. Uweke kwenye friji kati ya mikebe mingine, rudi hatua tatu. Unaona nini kwanza? Kama si umbo la ndege, amezidiwa na mapambo. Upige picha kwa simu bila flashi, uitume kwa mtu wa WhatsApp asiyejua habari zake umuulize jina la bia ni nini.

Halafu nenda nao baa yenye taa za rangi, na hizo Nairobi hazikosekani. Chini ya taa nyekundu, jina jekundu juu ya krimu linapotea kabisa, kwa sababu vyote viwili vinarudisha mwanga ule ule. Chini ya taa ya bluu, nyekundu hiyo hiyo inakuwa nyeusi. Jina la bia yetu basi liwe jeusi kwenye kifua cheupe, na nyekundu ibaki kwenye matunda ya kahawa, ambayo yakipotea hakuna mtu atakayeshindwa kuagiza. Kisha ulowanishe mkebe uone ni mistari ipi inayozama. Kwenye stika ya mwisho omba laminesheni isiyong'aa, isipokuwa unataka debe ling'ae zaidi. Mimi ningechagua ya kung'aa kwa hii staut na isiyong'aa kwa karibu kila bia nyingine.

9. Toa faili, kisha kaa na mchapaji

PDF, rangi za uchapaji si za skrini, picha kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) kwenye ukubwa halisi, ukingo wa ziada wa milimita 3 pande zote, maandishi yote yamegeuzwa kuwa maumbo, tabaka la kukatia peke yake, tabaka la weupe peke yake. Tuma pia picha ya kawaida inayoonyesha inavyotakiwa ionekane, mchapaji ailinganishe.

Kabla ya kugeuza maandishi kuwa maumbo, mwambie mpika bia asome kila herufi na athibitishe kwa maandishi: ujazo, asilimia, anwani, maonyo, namba za msimbopau. Pima msimbopau wenyewe kwa simu. Programu za kusoma ni za bure.

Usikubali kuidhinisha kwenye skrini. Dai sampuli iliyochapwa kwenye plastiki ile ile, kwa wino ule ule, na uende mwenyewe uibandike kwenye mkebe mkavu wenye joto la kawaida. Stika ikibandikwa juu ya unyevu inaota mapovu, na kiwanda kitakulaumu wewe. Zungusha mkebe. Angalia mshono, angalia kama weupe umechungulia pembeni mwa bawa, angalia nyeusi: ni nyeusi kweli au ni kijivu cha mkaa? Ikikaa sawa, chukueni mikebe miwili, mwandike sahihi na tarehe kwenye yote miwili kwa kalamu isiyofutika. Mmoja abaki kwa mchapaji, wa pili uondoke nao. Oda ya pili ikija na bawa lililofifia, huo mkebe ndio utakaoweka mezani.